Mwaka wa Friji Lisilopumzika

Sikwenda msibani ili nikasukume friji la watu. Nilikwenda kumzika Mama Shabani, nikachelewa, maana basi liliharibika njiani na wenzetu Waislamu hawamcheleweshi marehemu. Nilipofika Maisaka, pale Babati, walikuwa wameshatoka makaburini. Basi nikakaa mkekani na wanawake wengine, ndani ya nyumba ile ile niliyopanga nikiwa msichana, nikapewa chai ya tangawizi, nikawa nasikiliza yanayosemwa. Mke wa Shabani, yaani mkwe wa marehemu, alikuwa anamweleza jirani kwamba umeme wa luku unaisha hata haueleweki, na friji lao jipya linanguruma tangu wanaamka hadi wanalala, eti fundi amesema mafriji ya siku hizi ndivyo yalivyo. Jamani, nilijikuta nimesimama. Nikaenda kwenye kona ya sebule, nikalikumbatia lile friji kama mtu anayecheza dansi, nikalivuta kutoka ukutani. "Huyu mama ni fundi?" akauliza mmoja. "Si fundi," akajibu mke wa Shabani, "alikuwa mpangaji wa mama." Nikarudi kukaa. Tulipokuwa kwenye chai ya pili friji likakata, likanyamaza, na hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa sijalia tangu nipigiwe simu ya msiba. Walinipa leso wakidhani namlilia marehemu, na ni kweli nilikuwa namlilia, lakini nilikuwa najililia na mimi pia, yule wa mwaka ule.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga bado. Ukimuuliza mtu amefuata nini Babati, anakujibu, "Nimeletwa na mkoa." Na mimi nililetwa na mkoa, kupiga chapa barua katika ofisi moja iliyokuwa na watu wengi kuliko meza, mpaka tukawa tunawekana zamu ya viti. Vyumba vya kupanga vilikuwa adimu kama nini. Watu wazima wenye vyeo vyao walikuwa wanalala wawili wawili gesti, asubuhi unawakuta wanapanga foleni ya bafu na taulo mabegani. Nilipopata chumba kwa Mama Shabani nikaona Mungu ameniangalia. Mbele palikuwa na duka lake, la sukari na sabuni na soda za baridi. Yeye alikuwa mjane, watu wao asili yao Pangani, mwenye sauti ya kuita wateja hata anapokuongelesha wewe uliye mbele yake. Ukipita duka unaingia kwenye korido yenye vyumba vyetu, na mwisho wa korido uko ua wa kupikia. Mkabala na chumba changu alikaa Mama Glori, aliyekuwa anauza sokoni samaki wa ziwani. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mzee Boay, mtu wa Mbulu, aliyekuwa anachukua maziwa kijiji cha Mutuka kwa baiskeli na kuyauza mjini. Hao ndio waliokuwa watu wangu, ila mwanzoni sikuwahesabu hivyo. Wao walipika uani, wakala uani, wakataniana uani. Mimi nilipika ndani kwa jiko la mafuta ya taa, nikala nimekaa kitandani, sahani mapajani, nikiwasikia wakicheka na nisijue wanacheka nini. Hakuna aliyenikataza kutoka. Nilikuwa mchumba wa mtu, najiona niko njiani tu, na kwamba nikianza kuzoeana na watu wa pale nitakuwa nimekubali kwamba pale ndipo kwangu.

Mtu mwenyewe aliitwa Samweli, dereva wa magari ya watalii. Friji lilikuwa lake. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Arusha, friji refu la milango miwili, juu friza, chini friji lenyewe, akalileta Babati kwenye lori limefungwa kamba kama ng'ombe. Wapangaji wote walitoka kutazama. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na ndoo za maji. Lilipoingia ikabidi tulibane kabisa ukutani, na hata hivyo kufika kitandani nilikuwa napita ubavu. "Hili ni la nyumba yetu, Paskalina," akaniambia. "Nikirudi tunafunga ndoa, tunahamia pakubwa. Usilizime, friji likizimwazimwa linakufa." Akafungua mlango, akazungusha kile kidude cha namba cha kuongeza baridi mpaka mwisho wake, akaufunga. Kesho yake akaondoka kwenda Dar, kwenye kampuni iliyokuwa imemwahidi kazi nzuri ya safari za kusini.

Nikabaki mimi na friji. Ndani yake niliweka nini? Mshahara wangu haukuwa wa kujaza friji. Mlikuwa na chupa moja ya maji, nyanya mbili, na siagi kwenye kopo. Lakini lilinguruma! Lilinguruma nikitoka kwenda kazini, nikirudi nalikuta linanguruma, nikisali linanguruma. Na mimi nililipenda kwa hilo. Chumba chenye mngurumo hakikuachii nafasi ya kusikia kwamba huna mtu wa kuzungumza naye. Kila jioni nilishika sindano nikafuma vitambaa, kama ilivyokuwa desturi kwa msichana anayejiandaa kuolewa: cha meza, cha kiti, cha mto. Vya friji ndivyo nilivyovifanya vikubwa zaidi, vyeupe, vyenye maua ya pembeni, vikashuka mbele, vikashuka ubavuni, na nyuma nikakiachia kile kirefu kifike karibu na sakafu ili zile nyaya nyeusi zisionekane. Nyumba yenye friji lisilofunikwa tuliiona ya watu wasio na adabu. Mara nyingine nilifungua mlango wa friji si kwa kutaka kitu. Nilitaka tu ile taa ya ndani iwake, nisimame pale, halafu nifunge.

Duka lilikuwa na mita yake, na vyumba vyote tulikuwa na moja, ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo, na bili tuligawana sawasawa kwa vyumba. Ilipofika Julai bili ikawa imepanda mara tatu mfululizo. Na Julai ya Babati mnaijua wenyewe, upepo unashuka kutoka mlima Kwaraa mpaka mtu anaoga kwa kujilazimisha. Mama Shabani akatuita uani, na hiyo ikawa mara yangu ya kwanza kukaa nao kwenye vigoda. Mzee Boay alianza, tena kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Mimi nina taa moja," akasema, "na nazima mapema. Kwa nini nilipie baridi ya mtu mwingine, na baridi yenyewe iko nje, ya bure?" Mama Glori akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akanigeukia. "Kwani mle ndani mna nini, Paskalina? Ng'ombe mzima?" Nikainamisha kichwa. Ningeanzaje kumwambia mna nyanya mbili? Mama Shabani hakucheka. Alisema tu, "Mwanangu, nakupenda, hunisumbui kwa kodi, huna makelele. Lakini nyumba ni ya watu. Mwezi huu ukiisha, friji liwe limezimwa, au utafute chumba kwingine."

Chumba kwingine hakikuwepo. Nilizunguka Maisaka yote na kuvuka hadi upande wa pili wa mji, nikaambiwa kila mahali kwamba mkoa umeshachukua. Kulizima ndilo lililokuwa jambo dogo, unachomoa waya umemaliza, na mimi sikuliweza. Nilishika ile plagi ukutani si mara moja, nikaiachia. Sababu ilikuwa aibu kuisema mbele za watu: niliona nikilizima friji nimekiri kwamba Samweli harudi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu ofisini kila wiki, bosi ananiita kwa jina na wenzangu wanaguna kwa utani. Baadaye ikawa mara moja moja. Mara ya mwisho aliniuliza hali ya friji kabla hajaniuliza hali yangu.

Jumapili moja, baada ya swala ya alasiri, Mama Shabani akapiga hodi. Hakuingia, alinivuta mkono hadi barazani kwenye mita, akaniwekea kigoda, akaniletea na kashata. "Kaa tutazame," akasema. Taa zote zilikuwa zimezimwa, redio ya Mama Glori haikuwa inalia, na kile kisahani kinakimbia, ile alama yake nyeusi inapita, inapita, inapita. Tulimaliza kashata bado kinakimbia. "Sasa hebu nikuulize," akasema. "Friji langu la dukani, la soda tu, lisilo na friza, unaliona lilivyochakaa. Linanguruma, linakata, linakaa kimya, linaanza tena. Likiwa kimya ndipo linakula kidogo. Majira haya ya baridi kimya chake kinakuwa kirefu kuliko kelele. Hili lako linakata saa ngapi?" Nikamwambia halikati. "Tangu asubuhi?" "Tangu Samweli aondoke." Akasimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Twende ndani," akasema.

Tangu Samweli aondoke hakuna mtu aliyekuwa ameingia chumbani kwangu mpaka siku ile. Alipenya ubavu kama nilivyokuwa napenya mimi, akapitisha mkono nyuma ya friji, akautoa haraka. "Loo! Huku si unaweza kukaanga vitumbua!" Akavuta kitambaa changu kirefu, akakinyanyua juu kwa vidole viwili. "Paskalina, umelivisha sweta! Friji linatoa joto la ndani linalitupa huku nyuma. Wewe umelibana ukutani, ukalifunika na shuka. Litapumulia wapi? Litakesha linahangaika, na hapo litakula umeme mpaka basi." Nilisikia uso unaniwaka. Nilikifuma kile kitambaa kwa wiki kadhaa. Akafungia pindo la khanga kwenye mlango, akavuta, pindo likakataa kutoka. "Mpira wa mlango ni mzima. Ahsante Mungu." Kisha akafungua mlango, akaona kile kidude. "Nani ameweka mwishoni hapa?" "Samweli." "Samweli anakaa humu?" "Hakai," nikasema. "Basi," akasema, akakirudisha katikati. Wallahi, niliona kama kaniibia. Vidole vya Samweli ndivyo vilivyokuwa vimegusa pale mwisho, na mimi nilikuwa nafuta vumbi kukizunguka.

Chupa ya maji na nyanya aliziona. Nilijiandaa kwa kicheko chake, maana kicheko cha Mama Shabani kilikuwa kinasikika barabarani. Hakikuja. Alifunga mlango polepole. "Friji tupu lina kazi," akasema, sasa kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Ukilifungua baridi yote inakumwagikia miguuni, hakuna kitu cha kuishika, nalo linaanza upya. Likiwa na vitu, vile vitu vyenyewe vinashikilia baridi. Unalifungua mara nyingi?" Nikasema kidogo. Akasema, "Mh." Tukalivuta pamoja, tukasogeza kitanda, tukapeleka ndoo uani. Akasema tulijaze.

Asiyewahi kukaa peke yake hatanielewa nikisema kwamba usiku wa siku hiyo nilimchukia yule mama. Friji lilikata. Lilitikisika kidogo, likanyamaza, na chumba kikawa wazi pande zote. Nikasikia maji yakidondoka bombani uani. Nikasikia Mama Glori akimbembeleza mtoto, Mzee Boay akikohoa, viatu vya mtu barabarani ambavyo havikuja kwetu. Nikasikia kwamba namsikilizia Samweli. Kumbe ndiyo kazi niliyokuwa naifanya muda wote, mngurumo ulikuwa unanifichia tu. Likaanza tena, nikapumua. Likakata tena. Niliwahi kusimulia haya kwa wanangu, wakacheka, wakasema mama ulikuwa na wivu na friji. Wacheke. Leo nina friji langu, ninajua likae umbali gani na ukuta, na bado likikata ninapokuwa peke yangu huwa ninainua kichwa.

Bili iliyofuata ilishuka, Mzee Boay akanisalimia kwa mkono, na habari ya kuhama ikafa. Mama Shabani alikuwa ameshapitisha tangazo kwamba friji la Paskalina linataka vitu. Masharti yake mawili: samaki wafungwe vizuri wasinukishe maziwa ya watu, na nyama ya nguruwe isiingie. Mama Glori akaleta perege na kambale wasiouzika siku hiyo, akaacha kuwauza jioni kwa bei ya kutupa. Mzee Boay akaweka mtindi. Mama Shabani akagandisha pakiti za barafu na juisi ya ubuyu za dukani. Chumba changu kikawa na hodi tangu asubuhi. "Hodi Paskalina, nachukua samaki." "Shikamoo Mzee." "Marahaba, mwanangu, nipatie lile dumu dogo." Walikuwa wanasimama kidogo, wananiambia bei ya sukari, nani kagombana na nani sokoni, kisha wanakwenda na vitu vyao. Nami naendelea kula kitandani. Sijui kama mtaniona mtovu wa shukrani nikisema upweke haukuisha. Nilijua wanachofuata. Mlango ukifungwa nilikuwa najiambia kwamba wanakuja kwa friji, hawaji kwangu, na kwamba siku Samweli akirudi akalichukua tukahamia pakubwa, hakuna hata mmoja atakayekumbuka kuna msichana aliyekaa mle.

Hakurudi yeye. Jumamosi moja asubuhi pikapu ilisimama mbele ya duka, akashuka Danieli, mdogo wake. Nilitoka mbio na mikono ina povu, nilikuwa nafua. "Habari za siku nyingi, dada," akasema, na mimi nikajua papo hapo. Siku zote yule kijana alikuwa ananiita shemeji. Aliniita shemeji hata kabla ya posa, kwa kunitania. Sasa alikuwa anaangalia viatu vyake. "Dada, kaka ameoa huko Dar. Amesema... ameniagiza friji." Mama Shabani alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka, na ile sauti yake ya kuitia wateja ikapanda. "Ameoa? Na simu za mji mzima zimekatika asiseme mwenyewe? Kijana, hilo friji lina vitu vya watu. Rudi ulikotoka, mwambie mwenye friji aje alichukue kwa miguu yake!" Mama Glori naye akatoka, Mzee Boay akaegemeza baiskeli yake katikati ya mlango, makusudi, mtu asipite. Danieli maskini akarudi nyuma hadi kwenye pikapu.

Ningeweza kulishikilia. Mama Shabani aliniambia hivyo sikioni, kwamba nikisema neno moja tu halitoki. Nami kwa dakika ile nililitaka friji kuliko nilivyowahi kumtaka Samweli, nasema kweli, kwa sababu ndilo lililokuwa linaniletea watu mlangoni. Lakini ningekaa nalo vipi? Likikata ningekuwa nasikiliza nini tena? "Si langu," nikasema. "Mzee, tafadhali sogeza baiskeli." Tukatoa vitu vyote tukavipanga kwenye mabeseni. Nikalifuta ndani kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, nikalikausha, maana sikutaka mwanamke wa watu aseme nilikuwa mchafu. Danieli alipokuwa analifunga kamba nikamwambia alisafirishe limesimama, na wakifika asiliwashe hapo hapo, aliache litulie kwanza. "Na mwambie huyo mke wa kaka yako asiligandamize ukutani," nikasema. "Na nyuma asilifunike." Danieli akasema, "Nitamwambia, dada." Pikapu ikaondoka.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Pale lilipokuwa palibaki mraba wa sakafu safi kuliko kwingine. Niliweza sasa kutembea chumbani bila kupita ubavu, na sikuwa na pa kwenda. Nililia mpaka nikachoka, nikasikia uani wanazungumza kwa sauti za chini, nikajua wananizungumzia mimi, nikajiambia ndiyo basi, hodi zimekwisha. Jua lilikuwa limeanza kulegea ndipo mlango ulipogongwa, tena kwa kiganja. "Paskalina!" Alikuwa Mama Glori. "Toka na sufuria lako kubwa. Samaki wote wameyeyuka!"

Nilikuta uani mafiga matatu yanawaka. Samaki wa Mama Glori, wale wa siku nyingi alizokuwa anaweka akiba, wamejaa beseni zima. Nyama ya mbuzi ya Mama Shabani, aliyokuwa anamwekea mwanawe Shabani atakaporudi kutoka shule, ilikuwa inachemka tayari. Mzee Boay alikuwa amekunja mikono ya shati anasonga ugali, jambo ambalo Mama Glori alisema hajawahi kuliona tangu aijue nyumba ile, na asingekubali lipite bila kulisema mara tatu. Mtoto Glori alikuwa amepakaa ubuyu mpaka masikioni. Nikapewa kisu, nikakata vitunguu, na vitunguu vikanisaidia, maana nilikuwa na sababu ya machozi. Hakuna aliyemtaja Samweli. Walibishana kama kambale anataka ndimu au nyanya, na waliponiuliza mimi nikasema ndimu, Mama Glori akasema afadhali, leo nimepata mtu mwenye akili.

Tulikaa mkekani, sinia moja, Mama Shabani akanivutia karibu yake. Nilikula tonge mbili, nikarudisha mkono. Nikasema nimeshiba, nyingine nitakula kesho. Akaichagua minofu ya mgongoni, ile isiyo na miiba, akaisukuma upande wangu.

"Kesho ipi, Paskalina? Kula sasa hivi, na sisi tunakula. Hatuna tena pa kuweka kitu."

Nikala.